Peugeot 504 au Mercedes 240D: kabla ya kutoa dola, angalia njia yako

Hapa Lubumbashi ubishi wa motokari za zamani huanza na nguvu za farasi. Kwa hizi mbili za mazuti (dizeli), namba hizo hazikupi jibu. 504 yenye injini ya sentimita za ujazo 2304 ina farasi 70. Mercedes 240D, ya kizazi cha W123, ilitoka mwaka 1976 na farasi 65, ikaongezewa hadi 72 mwaka 1978. Halafu mji wetu uko juu, mita zipatazo 1200, na injini isiyo na turbo (kifaa cha kuisukumia hewa zaidi) hupoteza kama sehemu moja ya kumi ya nguvu kila mita 1000 unazopanda. Zote mbili zinabaki na farasi sitini hivi. Mwenye haraka atafute gari lingine: 240D za kwanza mwisho wake ulikuwa kilomita 138 kwa saa, na kufika huko kunataka uvumilivu.

Tofauti utaikuta chini ya gari. Miaka ile tulipokuwa na shamba nilikwenda na 504, na barabara ya udongo baada ya mvua mnaijua. Magurudumu yake ya nyuma kila moja lina springi yake na linacheza peke yake, tena linashuka sana, kwa hiyo unapita mashimo mgongo ukiwa salama. Sikushangaa kusoma kwamba 504 ilishinda Safari Rally, mashindano ya magari ya Afrika Mashariki, mwaka 1975. Ila hiyo ni ile ya kawaida yenye buti. Break, ile ndefu ya kubeba watu na magunia, ina ekseli moja ngumu nyuma, chuma kinachounganisha magurudumu mawili: kwa mzigo ni nzuri sana, kwa mashimo si gari lile lile. Wauzaji wengi hawakuambii.

Mercedes nayo magurudumu yake ya nyuma yanajitegemea, lakini inaizidi 504 kwa kama kilo 100, na kwenye mashimo uzito huo unausikia. Ipeleke kwenye lami, kuelekea Likasi au Kolwezi, ndipo utaipenda: imetulia, na ina breki za diski magurudumu yote manne. Mimi nimebaki nayo kwa sababu shamba tumeliuza. Tungekuwa bado nalo, ningetafuta 504.

Ukienda kununua Mercedes, nenda asubuhi, ikiwezekana mwezi wa sita au wa saba wakati wa baridi, na umwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Injini iliyokwisha kupashwa moto huficha mengi. Kwenye zile za miaka ya sabini, buji za kupashia moto zimeunganishwa kwa mfuatano: moja ikikatika, zote nne hazifanyi kazi, na injini ya baridi haiwaki. Wengi wakiona hivyo husema injini imekufa, kumbe ni buji moja tu.

Kitu kingine: unazima kwa ufunguo, injini inaendelea kunguruma. Usiogope. Kinachoizima ni mvuto wa hewa, na kimpira kimoja kikipasuka, hautoshi tena. Fungua boneti, kuna kitufe kimeandikwa STOP, kibonyeze mpaka inyamaze. Kimpira chenyewe bei yake ni ndogo, lakini hiyo si lazima umwambie muuzaji kabla hajapunguza.