Kabla hujaenda kutoa maoni, tafuta mizani

Mara ya kwanza tulipoitwa kutoa maoni juu ya sera ya uchumi wa mzunguko ya mji wetu, yaani vitu vitengenezwe na vitumike tena badala ya kutupwa, tulikwenda vijana kumi na mmoja, fulana zimefanana, hotuba imekaririwa. Nilisema dakika nne nzima kuhusu dunia tutakayowaachia watoto. Makofi yakapigwa. Ofisa aliyekuwa akiandika akanyanyua kichwa: "Sawa, kijana. Mnataka tubadilishe kifungu kipi?" Tukatazamana. Hakuna aliyekuwa ameisoma rasimu.

Kwa hiyo kijana akiniuliza aanzie wapi, namwambia aanze na rasimu, tena aisome kalamu mkononi. Pigia mstari vitenzi. Yetu ilisema jiji "linaweza kutoa kipaumbele" kwa bidhaa zinazotengenezeka zikiharibika. Kwenye sera, "linaweza" ni njia ya adabu ya kusema halitafanya. Tuliporudi tulipendekeza "litatoa", na tukataja wapi: zabuni za madawati, viti vya ofisi na kompyuta. Jiji ni mnunuzi mkubwa. Likidai kiti kiwe na vipuri na kifunguke kwa bisibisi ya kawaida, mtengenezaji atasikia haraka kuliko akihubiriwa. Tulikuwa tumedhani sera hii ni habari ya chupa tu, kumbe chupa iliyotupwa ni mwisho wa safari. Mengi yameshaamuliwa kitu kilipobuniwa na kiliponunuliwa.

Mfano ninaopenda kuutaja ni Portland, Marekani. Tangu 2016 mji huo unataka nyumba zilizojengwa 1916 au kabla ya hapo, zikiondolewa, zifumuliwe kipande kwa kipande badala ya kupondwa na mashine, ili mbao zitumike tena. Mwaka 2020 wakausogeza mpaka huo hadi nyumba za 1940. Walianza na nyumba chache, kisha wakapanua, na yeyote anaweza kukagua kama kanuni imefuatwa. Amsterdam nayo mwaka 2020 ilijiwekea lengo la kupunguza kwa nusu matumizi ya malighafi mpya ifikapo 2030. Lengo zuri, lakini ukilinukuu mbele ya madiwani bila kanuni ya kulibeba, litaishia kwenye bango.

Sasa mizani. Tuliazima ya kuning'iniza, tukakaa kituo cha kukusanyia taka Jumamosi nne mfululizo, tangu alfajiri. Tulitandika turubai, tukatenga mafungu. Plastiki ilijaza macho, ila ilipotundikwa mshale haukusogea sana. Fungu la mabaki ya jikoni, lenye maji na inzi, lilizidi mengine yote kwa pamoja. Nilinuka siku mbili. Lakini tangu siku ile, tukisema jiji litenge eneo la kutengenezea mboji, hatuulizwi tumeyatoa wapi.

Hapo kituoni ndipo tulipokutana na mama mmoja muokota chupa. Tulimsomea pendekezo letu tulilolionea fahari: mapipa ya kutenganishia taka, yenye kufuli, yasichakurwe ovyo. Akasikiliza mpaka mwisho. "Wanangu, mkifunga kufuli, mimi nitaokota wapi?" Hatukuwa na jibu. Tulilifuta usiku uleule, tukaandika jingine, kwamba vikundi vya waokota taka viruhusiwe kuomba kazi ya ukusanyaji bila kudaiwa dhamana kubwa ya benki. Hao wamekuwa wakirejeleza kabla sisi hatujalijua neno lenyewe.

Mambo mengine ni madogo ila yanauma ukiyasahau. Ulizia bajeti inapangwa lini, maana sera ikipita baada ya hapo husubiri mwaka mzima. Omba nafasi kwenye kamati inayoandika, na uombe muhtasari wa vikao. Ukialikwa siku ya uzinduzi peke yake, umeitwa kupigwa picha. (Picha zetu zilitoka nzuri, sikatai.)

Kifungu cha zabuni kilipita. Cha waokota taka kilirudishwa "kwa ufafanuzi zaidi", na kikao kingine ni mwezi ujao. Safari hii atakayesema kwanza ni yule mama. Ameshatuuliza mara mbili kama kipaza sauti kinashikwa mkononi au kinasimama chenyewe.