Friza hailiwi: kwa nyinyi mnaotaka kusaidia watu wenu

Jumanne usiku niko zangu juu ya mbuzi nakuna nazi, simu ikalia. Meseji ya kijana mmoja wa upande wa Ngomeni, simjui hata sura. "Dada shikamoo. Ile projekti yenu ya friza za akina mama nimeiona mtandaoni iko sawa kabisa. Na sisi tumepata mfadhili. Mlinunua duka gani na bei ngapi?"

Nikaiacha nazi nusu. Miaka yote hii imepita na watu bado wanaziulizia zile friza, na picha bado iko kule kwenye ukurasa wa mfadhili, mimi nimejifunga leso ya kikundi nacheka mpaka magego yanaonekana, kando yangu Ma'mdogo ameshika mfuniko kama anafungua sanduku la bi harusi.

Ningemjibu huko huko kwa simu yakaisha. Lakini nawajua nyinyi wasomaji wangu, kila mmoja ana kikundi au anataka kuwa na kikundi, kila mmoja ana proposali imelala kwenye simu inasubiri mtu wa kuilipia, kwa hivyo wacha niseme hadharani kitu nilichokikalia tangu 2018.

Mimi ni mtoto wa mama karanga. Kama wewe si wa Pwani, mama karanga si muuza njugu, ni mwanamke anayenunua samaki kwa wavuvi pale ufuoni, akakaanga, jioni akauza mtaani kwa beseni. Ada yangu mpaka chuo imetoka kwenye karai la mafuta. Sasa nilipomaliza diploma yangu ya maendeleo ya jamii na wenzangu wawili tukaandikisha kikundi, sikuona haja ya kumuuliza mtu shida ya mama karanga ni nini. Niulize nini na mimi nimelala na harufu ya samaki miaka ishirini? Nikaandika mwenyewe siku mbili usiku: shida ni samaki kuharibika, dawa ni friza. Na si uongo jamani, upepo wa kaskazi ukitulia vizuri, Desemba Januari hivi, samaki wanakuwa wengi mpaka bei inaanguka na wengine wanatupwa. Mfadhili, shirika moja la Ulaya, akaipenda. Friza 9, kila moja 42,000, pamoja na semina. Semina siisimulii, ilikuwa chai, mahamri na makaratasi ya kubandika ukutani.

Pesa ziliingia mwisho wa Machi na zilitakiwa ziwe zimekwisha kabla Juni haijaisha, manake huko kwao ndipo wanapofunga vitabu. Friza zikashushwa na mkokoteni katikati ya Mei. Mtu wa Malindi akisikia Mei tu ashajua naelekea wapi. Kusi, ule upepo wa miezi hii, imeshika, bahari imechafuka, mitumbwi na madau hayatoki nje ya mwamba, wavuvi wako bandani wanashona nyavu, na wale samaki wawili watatu wa ndani wanagombaniwa na bei yao haishikiki. Mahoteli nayo yamefunga mpaka wageni warudi, kwa hivyo yule mume au yule kijana aliyekuwa analeta mshahara wa hoteli naye yuko barazani. Na shule zishafungua muhula wa pili, ada inadaiwa. Yote matatu kwa mpigo. Na sisi ndio tukamletea mtu kabati la barafu linalokula tokeni za stima.

Tulipiga picha siku hiyo hiyo.

Agosti nikapita kukagua. Nyumba ya kwanza friza imezimwa, ndani mna yunifomu zimekunjwa vizuri, juu kalala paka. Ya pili hakuna friza. Ya tatu hakuna. Kufika ya mwisho nimehesabu 6 zimeuzwa, nyingine kwa 15,000, moja kwa 11,000 kwa mwenye duka la soda. Niliwaka moto. Nikaita mkutano, nikasimama mbele ya wanawake ambao wengine wamenibeba mgongoni, nikawaambia mumetuaibisha, mumekula mradi, ndio maana umaskini hautoki majumbani mwenu. Maneno hayo yalitoka kwenye mdomo wangu huu huu.

Ma'mdogo (si wa damu, ni shoga yake mama tangu usichana) akaniacha mpaka nikamaliza. Halafu akasema kwa upole kabisa, "Mwanangu, friza hailiwi." Akajitanda leso yake akaondoka.

Mama yangu alikuwepo. Njia nzima hakusema neno. Tulipofika nyumbani akaniambia tu, umemtahayarisha mtu mzima mbele za watu, akaingia jikoni. Mpaka leo nikilikumbuka hilo tumbo linanikata.

Ripoti aliiandika mwenzangu: wanawake 9 wamewezeshwa. Nikatia sahihi. Ripoti ile ilimsaidia kupata kazi nzuri Nairobi, na mimi sina kinyongo, yaani ninacho lakini kidogo.

Baada ya hapo nikaanza kusoma kwa hasira, natafuta kama kuna wengine duniani walioaibika kama mimi. Kwanza nikakutana na ule mstari wa umaskini. Benki ya Dunia mwaka 1990 iliuweka dola 1 kwa siku, baadaye ukapandishwa 1.25, ukaja 1.90, ukaja 2.15, na Juni 2025 ukawekwa dola 3. Si dola za kubadilisha dukani, zinapimwa kulingana na bei za kila nchi. Aliye chini ya hapo anahesabiwa fukara kabisa, na wako zaidi ya milioni 800. Kipimo chenyewe sikidharau, manake ndicho kinachotuonyesha kwamba mwaka 1990 zaidi ya thuluthi ya dunia ilikuwa chini na sasa ni kama mtu mmoja katika kumi, Uchina peke yake imetoa karibu milioni 800 kwa miaka 40 na hawakutolewa na semina. Wakubwa nao wameahidi ikifika 2030 ufukara huo uwe umekwisha. Sawa. Lakini dola 3 ni wastani. Ma'mdogo Desemba yuko juu ya mstari na anakopesha wenzake, Julai yuko chini na anauza friza. Ukijumlisha pato lake la mwaka ukaligawa kwa siku 365 atatokea si fukara, na huku kusi ishamla.

Halafu nikasoma habari za Bangladesh, kaskazini kule Rangpur, nikajiona kama nasoma habari za kwetu Maweni. Wana kipindi chao kabla ya mavuno ya mpunga, kibarua hakuna na chakula hakuna, na kina jina kabisa, monga. Mwaka 2008 mtafiti anaitwa Mushfiq Mobarak na wenzake wakazipa familia kama dola 8.50, nauli ya basi, ili mtu mmoja aende mjini kutafuta kazi miezi hiyo tu. Nauli! Waliopewa waliondoka wengi kuliko wasiopewa, na nyumbani watu wakala vizuri zaidi. Nikasema hawa ndio wanaojua kusi ni nini. Lakini mpango ulipokuja kukuzwa ufike kwa watu wengi, ukapimwa tena 2017, safari hii haukusogeza kitu, na 2019 shirika la Evidence Action waliokuwa wakiuendesha wakautangaza wenyewe kwamba wameufunga. Kwa mdomo wao. Hapo nilikaa kitako, manake picha yangu na friza bado iko mtandaoni inadanganya vijana wa Ngomeni.

Kilichoniliza hasa ni shirika la BRAC, la huko huko Bangladesh, mpango walioanza 2002 kwa mafukara wa mwisho. Wanampa mtu ng'ombe au mbuzi, na sisi tukasema mbona hata sisi tulitoa mali. Lakini wao pamoja na mbuzi wanatoa posho ya chakula kwa miezi kadhaa, na mtu anapita nyumbani kwako mara kwa mara kama miaka miwili, na unafundishwa kuweka akiba. Posho ni ili usimuuze mbuzi! Mpango wa namna hiyo ulipimwa nchi 6, Ethiopia, Ghana, India, Pakistan, Honduras na Peru, matokeo yakatoka 2015, na watu walikuwa bado wako mbele mwaka mzima baada ya msaada kwisha. Wachumi Abhijit Banerjee na Esther Duflo, waliokuja kupata Nobel ya uchumi 2019 pamoja na Michael Kremer, walikuwa ndani ya utafiti huo. Mimi nikafungua bajeti yetu ya zamani kwenye laptopu. Bango la uzinduzi 8,000. Posho sifuri.

Na kuna wale wa Siaya, hapa hapa Kenya, ambako shirika la GiveDirectly waligawa pesa taslimu kama dola 1,000 kwa kaya kupitia simu, na watafiti wakakuta hata jirani ambaye hakupewa alifaidika kwa sababu pesa ilizunguka dukani na kibaruani, na bei hazikupanda kiasi cha kutisha. Kila mtu niliyemwambia habari hii alisema watalewa. Ndivyo tulivyo, maskini tunamjua kuliko anavyojijua.

Sasa nije kwenye langu ninalojivunia, na nitajivunia bila haya. Nilienda kwa Ma'mdogo na kilo mbili za sukari na leso mpya, nikamuomba radhi, akanicheka akanipa chai. Tukaanza sanduku. Si ugunduzi wangu, mtindo huu ulianzia Niger 1991, shirika la CARE pamoja na wanawake wa kule: mnanunua hisa kila wiki, sanduku lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu, mnakopeshana kwa riba mnayokubaliana, mwaka ukiisha mnavunja mnagawana. Sisi tuko 23, hisa ni 100.

Vikundi vyote ninavyovijua hapa vinavunja Desemba au karibu na Idi. Ma'mdogo ndiye aliyesema sisi tuvunje Mei. Desemba samaki wapo, wageni wapo, pesa ya sanduku utanunulia mapazia. Mei ndiyo yenye njaa. Nusu unapewa mkononi, ulipe ada na utie gunia la mchele ndani, nusu inabaki na inatumwa kwa M-Pesa kila Ijumaa, Juni, Julai na Agosti. Yaani posho, ila ni pesa yako mwenyewe. Mwanamke aliyeishia darasa la tano, na mimi na diploma yangu nilihitaji kusoma mpaka Bangladesh.

Msinione nasema ikawa pepo. Mara ya kwanza watu wawili walijitoa wanataka zao zote siku moja, na mwenzetu mmoja mumewe alichukua ile nusu ya mkononi akaenda nayo Mombasa wiki nzima akarudi na viatu. Tuligombana mpaka kina baba wakaja kusuluhisha. Lakini kusi ya mwaka jana kati ya watu 23 aliyeuza kitu cha nyumba ni mmoja, kitanda, na Ma'mdogo karai lake lilibaki jikoni kwake. Ijumaa iliyopita tumevunja tena. Hakuna mfadhili, hakuna bango, na sikupiga picha kwa makusudi.

Kwa hivyo wewe unayeandika proposali yako leo, nakuomba, kabla hata ya kuandika jina la mradi, nenda ukaulize mwezi mbaya ni upi. Usiulize "mnahitaji nini", utajibiwa kile unachoonekana umekuja nacho, watu wetu wana adabu. Uliza Julai iliyopita mlikula nini, mliuza nini, mlikopa kwa nani. Na kama pesa ya mfadhili inaangukia mwezi usiofaa, mwambie, tumbo lako litetemeke lakini mwambie, mwombe asogeze tarehe au akutilie posho. La pili ni lile lile, uliza mwezi. Mnaogopa mfadhili atakasirika aondoke? Ataondoka tu. USAID, shirika la misaada la Marekani, ilikuwepo tangu 1961 na 2025 Marekani ikaifunga, na niliosoma nao wangapi wamerudi nyumbani na vitambulisho shingoni. Ma'mdogo wako utakutana naye kesho sokoni, yeye haendi popote. Nasema kwa ukali kwa sababu nilisimama mbele ya mama zangu nikawaita wala mradi, na mla mradi alikuwa mimi, kwa semina na bango, na bado kuna mtu leo asubuhi anaandika "uwezeshaji" na hajui nyumba ya jirani yake wanapika mara ngapi kwa siku.

Huyo kijana nilimjibu. Nikamwambia 6 kati ya 9 ziliuzwa, nikamuuliza nyinyi Ngomeni mwezi wenu mbaya ni upi. Akakaa kimya mpaka Alhamisi. Halafu akaandika, "Dada, deposit tushalipa."

Nikamuuliza zinashushwa lini.

"Mwezi wa sita, inshallah."