Shangazi, mama anajua Ujerumani naishi vizuri, kumbe nalala nalia

Kijana wa Igoma, barua yako nimeipata. Unasema umefika Leipzig mwezi wa kumi kusoma masta, Jumapili ya kwanza ukalala njaa maana maduka yamefungwa, kwenye tramu hakuna anayeongea, jirani ukimsalimia anajibu neno moja anafunga mlango, na sasa Desemba saa kumi jioni giza limeshaingia. Mama yako anauza dagaa pale Mwaloni Kirumba, yeye unamtumia picha unacheka tu. Halafu baba mdogo aliyeuza ng'ombe zake kule Magu ili usafiri ameanza kuuliza euro zinakuja lini. Unaniuliza urudi au uvumilie.

Pole sana mwanangu. Ila mimi naona kinachokumaliza zaidi ya hiyo baridi ni kuigiza, yaani siku nzima unahangaika kutafuta picha ya kumfurahisha mama, usiku unabaki na shida zako peke yako na mtu pekee ambaye angekusikiliza umeshamwambia kila kitu kiko poa. Mpigie. Usimtumie meseji, mpigie akiwa ametulia nyumbani, mwambie mama huku nina upweke na nalia. Mwanamke anayeamka alfajiri kugombania dagaa Mwaloni hawezi kushindwa kubeba hilo. Atalia, sawa, lieni wote, ila kuanzia hapo utakuwa na mtu wa kuongea naye ukweli.

Baba mdogo naye mpe hesabu. Huku watu hawaelewi ile akaunti ya viza, yaani pesa ya kujikimu mwaka mzima inayofungiwa benki ili upewe viza, wakisikia euro 11,904 wanazidisha kwa shilingi wanaona umetajirika, hawajui benki inakuachia 992 tu kwa mwezi, na humohumo kuna kodi ya chumba, bima ya afya, nauli na chakula. Andika kila unacholipa umtumie. Mwambie pia kazi ya mwanafunzi kama wewe ina kikomo kisheria, siku nzima 140 kwa mwaka. Zile ng'ombe ni deni na usilikane, ila utaanza kulilipa ukimaliza chuo, na tafadhali usije ukakesha kwenye ghala la mizigo asubuhi ukakosa kipindi ili tu utume laki mbili za kumnyamazisha mtu.

Huo ukimya wa kwenye tramu mara nyingi sio chuki. Sisi huku unapanda daladala Buzuruga unatupa mwangaluka, salamu yetu ya Kisukuma, mpaka unashuka mmeshajuana hadi ukoo, wenzetu mtu wasiyemjua wanamwacha na mambo yake na kwao ndo heshima. Sikudanganyi lakini, ubaguzi upo, ukitukanwa au ukisumbuliwa usijiambie ndo mila zao, nenda karipoti chuoni.

Na hapohapo Leipzig chuo kikuu wanafundisha Kiswahili! Kuna vijana wa Kijerumani wanahangaika na ngeli na wanatamani mtu wa kupiga naye stori, nenda kwenye idara yao ya masomo ya Afrika uulize. Waambie kwenu kuna jiwe limesimama ziwani lina jina la Bismarck, kansela wao wa zamani, hapo maongezi yataanza yenyewe. Unga wa ugali tafuta kwenye maduka ya Waafrika, na Jumapili ukiishiwa kabisa nenda stesheni kuu ya treni, hapo kuna maduka yanafungua.

Giza nalo lisikutishe, kwetu jua linazama kwenye saa moja jioni mwaka mzima kwa hiyo mwili wako umeshtuka. Toka nje mchana hata kama kuna mawingu, usijifungie. Ila kama hulali, huli, na wiki zinapita hivyohivyo, nenda kwa washauri wa wanafunzi hapo chuoni, na mawazo ya kujidhuru yakikujia piga 112 muda huohuo, usisubiri kesho wala jibu langu.

Habari ya kurudi usiiamue sasa hivi. Fanya mitihani ya muhula huu kwanza, ikiisha ukaona moyo bado unakataa niandikie, tutapanga jinsi ya kuwaambia nyumbani, na mimi sitakuona umeshindwa.

Shangazi yako, Mwanza