Acha ramani ya mifumo ijichore, lakini isubiri tarehe 20 ipite

Ofisi nyingi hapa Nairobi zinahama. Seva zilizokaa miaka katika chumba chenye kiyoyozi huko Upper Hill zinapelekwa kwenye vituo vya data vya Mombasa Road, nyingine zinapandishwa kwenye wingu, yaani seva za kukodi kupitia mtandao. Kila uhamisho huanza na swali lile lile mkutanoni: mfumo huu unategemea nini, na nini kinautegemea? Hapo watu hutazamana. Aliyeujenga alishaacha kazi, na mchoro uliobaki una seva ambazo hata hazipo tena.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni rahisi: usichore kwa mkono ramani ya mfumo upi unategemea upi. Nunua au pakua programu inayochora yenyewe. Kazi yangu hunipeleka kwenye vyumba vya seva vya sacco na kampuni za kila aina, na sijawahi kuona mchoro wa mkono uliokuwa kweli kwa zaidi ya miezi michache.

Programu hizi hazina uchawi. Ukiwa kwenye Linux, andika amri ss -tnp ukiwa na ruhusa ya root, yaani msimamizi mkuu, utaona miunganisho iliyo wazi sasa hivi, anwani za pande zote mbili, na programu inayoushika kila mmoja. Poti ni nambari ya mlango wa muunganisho, na inakuonyesha hifadhidata gani iko nyuma yake: 5432 kwa kawaida ni PostgreSQL, 1521 ni Oracle, 1433 ni SQL Server. Programu ya kuchora ramani hufanya hivyo hivyo kwenye kila seva, tena na tena, kisha inaunganisha majibu. Tatizo la kuchungulia kila dakika tano ni kwamba muunganisho wa sekunde mbili unapita bila kuonekana. Ndiyo maana napendelea zile zinazotumia eBPF, vijiprogramu vya uangalizi, kwa kuwa hukaa ndani ya kiini cha Linux na kuona kila muunganisho unapofunguliwa. Kama huruhusiwi kuweka kitu kwenye seva, chukua rekodi za NetFlow, muhtasari wa mawasiliano ya mtandao, kutoka kwenye ruta. Zitakuambia nani alizungumza na nani, kwa poti gani na kwa baiti ngapi, ila hazitakuambia ni programu gani. Na kama mbele ya seva kuna kifaa kinachogawa kazi kwa seva kadhaa (load balancer), utakiona hicho tu, nyuma yake giza.

Sasa kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi wakija na ramani zao zenye rangi kama kanga za Mombasa. Ramani inajua tu kilichotokea wakati inatazama. Mimi huiacha ikusanye hadi ipite tarehe 9, siku ya mwisho ya kupeleka PAYE, kodi ya mishahara, kwa KRA, mamlaka ya kodi, na tarehe 20, siku ya mwisho ya VAT, kodi ya ongezeko la thamani. Ukiiwasha tarehe 10 na kuizima tarehe 18, umepata picha ya wiki ambayo idara ya fedha ilikuwa imepumzika.

Kuna kampuni moja ramani yake ilionyesha seva iliyokaa peke yake, bila mstari hata mmoja. Meneja alitaka izimwe siku hiyo hiyo. Nikapanda ghorofani kwa watu wa mishahara.

“Madam, kuna seva hapa chini, anwani yake inaishia na 47. Mnaitumia?”

“Mimi mambo ya seva sijui, kijana wangu. Ninachojua, kila tarehe saba faili ya PAYE huwa kwenye folda yangu, naipakia KRA.”

“Na nani huiweka hapo?”

“Si ni nyinyi watu wa IT?”

Tulipofungua crontab, ratiba ya kazi zinazojiendesha zenyewe, ya ile seva, tulikuta mstari mmoja: kila tarehe 7, saa nane usiku, inavuta data ya wafanyakazi, inatengeneza faili, inalala tena hadi mwezi ujao. Kwa hiyo pamoja na ramani, kusanya kazi zote zilizopangiwa saa, crontab kwenye Linux na Task Scheduler kwenye Windows. Ni kazi ya kuchosha, lakini ifanye.

Utegemezi wa data ndio mgumu zaidi. Mfumo wa mauzo unaandika kwenye jedwali, mfumo wa ripoti unasoma jedwali hilo. Hiyo mifumo miwili haijawahi kuzungumza kwenye mtandao. Ramani itakuonyesha mistari miwili ikiingia hifadhidata moja, na utadhani ni majirani tu. Hapo lazima usome maswali yenyewe ya SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata, kwenye kumbukumbu zake: pg_stat_statements kwa PostgreSQL, V$SQL kwa Oracle, uone nani anaandika wapi na nani anasoma wapi. Usisahau database link za Oracle, viungo vya hifadhidata, zinavuka kutoka hifadhidata moja hadi nyingine kimya kimya. Na ile Excel inayotumwa kwa barua pepe kila Ijumaa, hiyo hakuna programu itakayoiona. Uliza watu.

Ukikosea hapa, gharama yake ni kubwa. Tuseme programu imebaki Nairobi, hifadhidata imepelekwa Cape Town. Kila swali likisafiri milisekunde 60 kwenda na kurudi, ukurasa unaouliza maswali 200 moja baada ya jingine utachukua sekunde 12. Mteja wa kaunta hatangoja.

Kuhusu usalama, kumbuka kwamba mashine ya kuchora ramani inashika nywila za seva zako zote, na ramani yenyewe ni zawadi kwa mwizi. Ipe akaunti ya kusoma tu. Ikiwa unanasa pakiti za mtandao, chukua vichwa vyake (anwani na poti), yaliyomo uyaache: humo mna majina na nambari za simu za wateja, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhusu.

Seva ikionekana haina mwenyewe hata baada ya yote hayo, usiifute. Ikatie mtandao tu, uiache ikiwaka, uone nani atapiga simu. Subiri tarehe 9 na 20 zipite. Na kama ina harufu yoyote ya mishahara, isubirishe hadi wafanyakazi wapate P9 zao, fomu za mwaka za mshahara na kodi.