Mtoto Wako Kapewa Matoazi? Mwache Apige

Siku binti yangu alipoingizwa kwenye bendi ya shule, alirudi nyumbani analia. Alikuwa darasa la tatu, meno mawili ya mbele hayapo, na wiki nzima alikuwa akizunguka nyumbani amekunja ngumi mdomoni, akijifanya anapuliza tarumbeta. Mwalimu akampa matoazi, zile sahani mbili za chuma zinazogonganishwa. "Baba, wamenipa mifuniko," aliniambia, na kweli, kwa macho ya mtoto ni mifuniko ya sufuria tu. Mama yake alishajifunga leso, anataka kwenda kumuuliza mwalimu tarumbeta kapewa mtoto wa nani, na karo tunalipa sawasawa.

Nilimwomba mama watoto avue leso. Mimi nimekulia kambi ya polisi yenye bendi, na sababu ya yale matoazi niliiona mdomoni mwa mtoto. Tarumbeta halipulizwi kama filimbi. Midomo ndiyo inayotetemeka ndani ya kikombe kidogo cha chuma, na kikombe hicho kinaegemea meno ya mbele. Mtoto mwenye pengo hana pa kukiegemeza. Ukimlazimisha atabana mdomo, atasukuma chuma usoni kwa nguvu, na akishazoea hivyo utapata taabu kumwondolea mazoea kuliko kumfundisha mwingine asiyejua kitu. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, mzazi mwenzangu, ni huu: ngoja meno ya ukubwani yashuke na kushika vizuri. Kwa wengi ni kuanzia miaka minane au tisa. Kabla ya hapo, ngoma na matoazi yanamtosha.

Yanamtosha? Nimekosea. Ngoma na matoazi ndiyo shule yenyewe, na hapo nitakaa kidogo.

Kambini bendi ilikuwa ikifanya mazoezi alasiri nyuma ya nyumba zetu, na sisi watoto tukiifuata na mikebe mitupu na vijiti. Nilipofika darasa la tano nikaingia bendi ya shule, nikapewa ngoma ndogo, ile yenye nyaya chini yake zinazochakarisha sauti. Jumamosi alikuja kutufundisha afande mmoja mstaafu. Sikumsikia hata siku moja akimwuliza mtu kuhusu noti aliyokosea. Katikati ya wimbo alikuwa akiinua mkono, sote tunakatika, halafu anamgeukia mtoto ambaye wakati huo hakuwa anapiga chochote: "Wewe, tuko hesabu ya ngapi?" Usipojua, wimbo unarudi mwanzo, na wenzako wote wanakuangalia.

Mpiga matoazi ana hesabu ndefu kuliko wote. Vinaweza kupita vifungu 16 vya hesabu nne nne amesimama tu, mikono kifuani, halafu anatakiwa agonge mara moja. Moja tu. Akiwahi, ameharibu, akichelewa, afadhali angebaki nyumbani. Na haihesabiwi kama tunavyohesabu maembe. Unataja namba ya kifungu kwanza: moja mbili tatu nne, mbili mbili tatu nne, tatu mbili tatu nne, mpaka kumi na sita. Binti yangu alihesabu hivyo akiosha vyombo, akihesabu nyuma ya boda boda, akihesabu chini kwa chini mgeni anapoongea. Alikuwa mtoto wa kumkata kila mtu maneno. Sisemi amekuwa malaika, jana tu amemfungia mdogo wake nje. Lakini siku hizi anaweza kukaa kimya huku anafuatilia, akangoja zamu yake akiwa macho, na hilo mimi na mama yake tulikuwa tumelishindwa kwa maneno na kwa kiboko.

Jingine nililoona ni hisabati, ingawa hapa sitaki kukudanganya. Noti nzima, nusu, robo, thumuni: mtoto anayezipiga kila Jumanne na Alhamisi hahangaiki sana anapokutana na sehemu darasani, maana ameshazigawa kwa mikono. Lakini anayekuambia bendi itampa mwanao pointi nne, matokeo bora kabisa, kwenye PLE, mtihani wetu wa Uganda wa kumaliza darasa la saba, anakuuzia kitu. Shule nyingi huwatoa darasa la saba kwenye bendi muhula wa tatu, na wazazi hufurahi. Kwa maoni yangu watolewe kwenye safari, wasitolewe kwenye mazoezi. Nusu saa ya bendi baada ya siku nzima ya karatasi za majaribio haijamfelisha mtoto. Mimi ilinipa usingizi.

Halafu kuna mambo ambayo mtoto hafundishiki mpaka aaibike mwenyewe. Ukikaa Jinja unajua mwisho wa mwaka unavyokuwa: watoto wa chekechea wamevishwa majoho na kofia za chuo kikuu, wanapitishwa mjini kusherehekea kufuzu kwao, na mbele yao bendi. Mwaka mmoja bendi yetu ilipita Main Street, na ngoma kubwa ilikuwa mgongoni, samahani, tumboni mwa kijana mmoja mtundu kuliko wote shuleni. Ngoma kubwa ndiyo inayoshika mwendo. Miguu yote inaifuata hiyo. Yule kijana akamwona mama yake pembeni ya barabara anapiga vigelegele, damu ikachemka, mkono ukaongeza kasi. Matarumbeta yakaishiwa pumzi. Vitoto vya chekechea vikaanza kukimbia, kofia zinadondoka, joho moja limekanyagwa, mwalimu anaokota viatu. Mwalimu wa bendi hakumgombeza hata kidogo. Wiki iliyofuata kijana akaja mazoezini kabla ya wote, akawa anapiga peke yake huku anatembea uwanjani, taratibu, anajisikiliza. Sijui ni adhabu gani ingemfikisha hapo.

Wapo wanaoniambia bendi ni mambo ya kizungu, na ya shule za matajiri. Hilo la kwanza huwa nawajibu kwa beni. Hata neno lenyewe ni "band" lililovaa kanzu: ngoma za beni zilianza pwani, Lamu na Mombasa, mwishoni mwa karne ya 19, vijana wa Kiswahili wakazigeuza za kwao kwa sare na mashindano, na askari wa Keya, yaani King's African Rifles, jeshi la Waingereza la wakati wa ukoloni, wakazisambaza bara kila walikopelekwa. Keya kikosi cha nne kilikuwa na makao yake hapa hapa Jinja. Kwa hiyo watoto wetu wanapopiga matarumbeta barabarani hawajaiga jana. La pili lijibiwe na M-Lisada, bendi na kituo cha watoto wa mtaani cha Nsambya, Kampala, iliyoanzishwa miaka ya 1990 na vijana wa mtaani wenyewe, na matarumbeta ndiyo yaliyowashikanisha.

Nyimbo za kwanza karibu kila mahali ni zile zile. Wimbo wa taifa aliotutungia George Kakoma ni mfupi mno, ndiyo maana mtoto anaumaliza mapema na kujiona fundi. Baadaye huja Jumuiya Yetu, wimbo wa Afrika Mashariki tulioupata mwaka 2010, ambao maneno yake ni ya Kiswahili, na wengi hapa Uganda Kiswahili kinawapiga chenga. Kwenye sherehe utaona umati umefumba midomo wimbo huo unapofika, watu wanaangalia viatu vyao. Watoto wa bendi hawana shida hiyo. Tarumbeta halina lafudhi.

Sasa tuongee yale ambayo shule haitakuambia siku ya kujaza fomu.

Uliza bendi inapokodishwa fedha zinakwenda wapi. Nimewahi kumfuata mtoto wangu kwenye mkutano wa kampeni ambao shule, siitaji jina, ilipeleka bendi bila kutuuliza wazazi. Watoto walisimama juani tangu saa tatu asubuhi, mgombea akafika saa nane, na chakula kilichotengwa kwa ajili yao kililiwa na watu wazima. Mwaka huo huo tulichangia sare mpya za bendi. Sare hizo mpaka leo sijaziona. Tangu hapo nina masharti matatu na nimeyaandika kwenye fomu kwa kalamu: nijulishwe kabla, watoto wale kabla ya kupiga, na siasa hapana. Nilidhani watanifukuzia mtoto. Wazazi wengine wanne wakaandika hivyo hivyo.

Kuhusu usafi: kile kikombe cha kupulizia kinachomoka. Kama shule ina matarumbeta sita na watoto ishirini, kinazunguka midomo yote hiyo. Mnunulie mtoto cha kwake, ukubwa aliousema mwalimu, akiweke kwenye soksi safi ndani ya mkoba, akioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Ni kitu kidogo na ni rahisi mno kuliko tarumbeta zima. Na usitishike ukimwona anabonyeza kijiti kidogo cha chuma kwenye tarumbeta na maji yanamwagika chini. Mengi ni mvuke wa pumzi uliopoa, mate ni kidogo.

Majirani je? Sisi tunakaa Walukuba, nyumba zimebanana. Nilikwenda mwenyewe kuwapigia hodi kabla tarumbeta halijafika, nikawapa saa: robo saa kila jioni, baada ya alasiri na kabla ya magharibi. Robo saa ya kila siku inamjenga mtoto kuliko saa mbili za Jumapili, tena midomo yenyewe huchoka. Mama mmoja wa upande wa pili wa ukuta sasa ndiye anayeniuliza mbona leo kimya.

Tarumbeta lenyewe usikimbilie kununua. Mwache apige la shule mwaka mzima kwanza. Wengi huacha, na si dhambi. La kwetu nilinunua la mtumba binti alipofika darasa la tano, meno yameshajaa, na ameyahesabu matoazi mpaka yamemchoka. Nikajiona mjanja. Vitufe vitatu vilikuwa vizito kidogo, na mimi mtoto wa kambi, niliyelala na kuamka na bendi, nikachukua mafuta ya alizeti jikoni nikavitilia. Siku mbili vilikuwa laini kama siagi. Ya tatu vikaganda. Nilipolifikisha kwa fundi, alichomoa kitufe cha kati kwa shida, akakinusa, akaniangalia, akaniuliza kama nilitaka na vitunguu. Ile chupa ndogo ya mafuta ya vali, yaani ya vitufe hivyo, aliyoniuzia siku hiyo sasa inakaa kabatini pamoja na dawa za homa, na binti haruhusu niiguse.