Baba yake Jonas alijua

Wapo wanaosema baba yake Jonas hakuelewa kwamba alichomfanyia mtoto mchanga kilikuwa kumuua. Alijua, na alidanganya. Kwenye riwaya ya The Giver ya Lois Lowry (1993), baba wa Jonas, mvulana wa miaka kumi na miwili, ndiye anayewapima mapacha wachanga wawili, kisha anamdunga sindano kichwani yule mwepesi zaidi kwa mkono wake mwenyewe. Mwili anauweka kwenye kasha na kuutupa kwenye tundu la takataka, huku akimuaga mtoto kwa sauti ya kubembeleza. Jonas anayaona yote kwenye rekodi. Kabla ya hapo Lily, dada mdogo wa Jonas, alimuuliza baba waziwazi kama kuna mtu atakayekuja kumchukua mtoto kumpeleka Kwingineko, yaani nje ya jamii yao, naye akakubali. Huo ni uongo, hauwezi kuitwa kutojua.

Anayesema "hakuelewa" ana hoja kidogo: baba hana kumbukumbu za maumivu wala msiba, kwa hiyo uzito wa kifo haumfikii, na Giver mwenyewe, yule mzee anayetunza kumbukumbu za jamii nzima, anamtetea kwamba ndivyo alivyoambiwa afanye, na hajui kingine. Lakini kutohisi uzito wa jambo hakumfanyi asijue alichokifanya.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba uongo unakwenda pande zote mbili. Jonas anawauliza wazazi kama wanampenda, wanamcheka na kumkosoa kwa kutumia neno lisilo na maana. Wakimuuliza kama ameelewa, anajibu ndiyo. Mwandishi anasema wazi kuwa huo ulikuwa uongo wake wa kwanza kwao. Tangu apewe karatasi ya kanuni za kazi yake mpya ya kupokea kumbukumbu hizo, inayomruhusu kusema uongo, alishaanza kujiuliza kama watu wazima wote walipewa ruhusa hiyohiyo.