Mazoezi Unafanya, Matiti Umeshapimwa?

Wiki iliyopita dada mmoja wa Wete aliniandikia kwamba havuti sigara, pombe hajaionja maishani mwake, amenyonyesha watoto wanne na kila baada ya sala ya alfajiri hutoka kutembea. Kwa nini basi ahangaike kupimwa matiti?

Yote aliyoyataja ni ya kweli na yana faida, kwani kunyonyesha na mazoezi hupunguza hatari ya saratani ya matiti, na pombe huiongeza. Hata hivyo, Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba takriban nusu ya saratani hizo huwapata wanawake wasio na kihatarishi kinachojulikana zaidi ya jinsia yao na umri wa kupita miaka 40. Mwaka 2022 pekee waligunduliwa wagonjwa milioni 2.3 duniani na wakafariki 670,000.

Mimi ni mtu wa vikundi vya mazoezi, na bonanza la Januari 1 halinipiti. Siku moja, nikiwa naoga, niligusa kijinundu karibu na kwapa la kushoto, kikubwa kidogo kuliko punje ya kunde, kisichouma na chenye kuteleza kila nikikibonyeza. Nilipomwambia wifi yangu, alicheka: "Mwili kama huo unatafuta nini hospitali? Usijiitie maradhi!" Maneno yale yananichoma mpaka leo, kwa sababu aliyasema mbele ya watu. Nilikwenda hivyo hivyo. Daktari alinipapasa, nikapigwa ultrasaundi, nikachomwa sindano ya kuchukua sampuli, na majibu yakaonesha kuwa si saratani, kama vilivyo vinundu vingi vya matiti.

Katika kikundi chetu nimeona kwamba wanaokubali upesi kukaguliwa ni wale waliokwishazoea kupima presha na sukari, ilhali wenye kujivunia wepesi wa miili yao ndio wagumu kuliko wote, wakidhani kwamba jasho la asubuhi limeshawalipia kila deni. Wanawake wenzangu, tusidanganyane. Kupimwa ni sehemu ya mazoezi hayo hayo, na kombe, yaani maji ya aya anayonyweshwa mgonjwa, pamoja na dua havimzuii mtu kupanda daladala kwenda hospitali.

Yajue matiti yako yalivyo, hasa siku chache baada ya hedhi, ili badiliko lolote ulitambue: uvimbe, ngozi iliyobonyea au yenye vishimo vidogo vidogo, chuchu iliyoingia ndani ghafla au inayotoa damu. Usingoje maumivu, maana saratani changa mara nyingi haiumi. Ambaye mama yake au dada yake aliwahi kuugua amweleze daktari mapema, bila ya kungoja umri. Shirika hilo limeweka lengo kwamba uchunguzi ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike kituoni kwa mara ya kwanza, nasi tunao wanaokaa na uvimbe mwaka mzima kwa kuona haya.

Dada yangu wa Wete, endelea kutembea, na wiki hii pitia hospitali ukaombe kukaguliwa kwa mikono. Ukiona haya kwa daktari wa kiume, omba wa kike, na akiwa hayupo uliza siku ya zamu yake, uiandike kabla ya kuondoka.